Mishahara Yetu Mizuri, Mbona Benki Inatazama Pango Tu?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku nikiwa zamu, kwenye mapumziko yangu ya nusu saa, maana nyumbani jambo hili haliongeleki tena bila mtu kununa.

Mimi ni muuguzi hapa Coventry, mwaka wa kumi na moja sasa. Mume wangu anaendesha malori. Nikijumlisha na zamu za usiku napata pauni 54,000 kwa mwaka, yeye anapata 38,000. Tuna nyumba yetu tunayoishi na watoto wawili, na mkopo wake hatujawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja. Tumejibana miaka sita tukafikisha pauni 65,000. Humo ndani 9,000 zilitoka kwenye upatu wa akina mama tunaoucheza hapa mjini. Tumekubaliana tununue nyumba ya pili ya kupangisha, itusaidie uzeeni.

Tumepata nyumba ya safu, bei pauni 200,000. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: tutoe 50,000 kama kianzio, benki itupe 150,000 za kulipa riba peke yake, riba asilimia 3.5 kwa miaka miwili. Ada ya mkopo ni asilimia 3, wanasema inaweza kuongezwa juu ya deni. Riba kwa mwezi haifiki hata pauni 440! Dalali wa upangishaji alituambia nyumba itapangishwa kwa 1,050, vyumba vitatu. Mimi nikaona hapo kuna ziada ya zaidi ya pauni 600 kila mwezi.

Mthamini wa benki akaenda. Akaandika vyumba viwili, kwa sababu kile cha tatu unakifikia kwa kupitia cha pili, na pango akaliweka pauni 900. Benki ikarudi na jibu kwamba haiwezi kutupa zaidi ya pauni 135,400. Nikawapigia nikawauliza, mishahara yetu hamjaiona? Yule kijana akanijibu kwa upole kwamba mishahara wameiona, ila pango halitoshi. Shangazi, halitoshi vipi, 900 dhidi ya 440?

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Shemeji yangu anasema tuandike mkataba wa upangaji na binamu yao anayehamia hapa mwezi ujao, tuweke 1,050, tuupeleke benki. Kweli binamu atalipa 700, lakini karatasi itasema vingine. Rafiki yake mume wangu anasema mimi nijitoe, mkopo uandikwe kwa jina la mume wangu peke yake, eti mshahara wangu mkubwa ndio unaotuharibia. Hilo lilinichoma. Mshahara mkubwa unaharibu vipi mkopo? Na kama nyumba itakuwa kwa jina lake peke yake, jasho langu la miaka sita liko wapi? Sikumwambia hivyo, nilinyamaza, na kimya changu amekielewa. Mwenzangu mmoja wa upatu naye amejitolea kunikopesha pauni 15,000 nijazie pengo.

Nishike lipi?

Mwenye Fomu Mezani, Coventry

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu.

Kabla ya yote tuelewane maneno. Kiswahili chetu kinaita hela ya mpangaji kodi, na hela ya serikali nayo kodi, na katika jambo lako hizo mbili zinagombana. Kwa hiyo hapa nikisema pango ni hela ya mpangaji, nikisema kodi ni ya serikali.

Yule kijana wa benki amekujibu sawasawa, ila amekujibu nusu. Mlipokopa kununua nyumba mnayoishi, benki ilipima ninyi: mnapata nini, mnatumia nini, mna watoto wangapi. Mkopo wa nyumba ya kupangisha, ambao Uingereza umekuwepo kama bidhaa yake yenyewe tangu 1996, unapima nyumba. Mishahara yenu inaangaliwa pia, na wakopeshaji wengi wanataka walau mwombaji mmoja awe anapata pauni 25,000 hivi kwa mwaka, lakini mkishavuka kizingiti hicho swali linahamia kwa nyumba: je, itajilisha yenyewe? Kukodolea macho mishahara hapo ni sawa na kumsifia baba wa bwana harusi wakati anayeoa ni mwanawe.

Na swali hilo haliulizwi kwa riba mliyoahidiwa. Hapo ndipo hesabu yako ilipoteleza. Mamlaka inayosimamia usalama wa mabenki chini ya Benki Kuu ya Uingereza iliweka masharti yaliyoanza Januari 2017: mkopeshaji apime mkopo wa namna hii kana kwamba riba imepanda walau pointi mbili, na kwa vyovyote asipime chini ya asilimia 5.5. Wewe umepewa 3.5. Ongeza mbili. Ndiyo hiyo 5.5 waliyoitumia. Waliokumbwa na riba ya 2022 na 2023, ilipofika asilimia 5.25 Benki Kuu wakati miaka miwili nyuma ilikuwa asilimia 0.1, hawauoni mtihani huu kuwa wa uonevu.

Basi chukua kalamu. Asilimia 5.5 ya pauni 150,000 ni 8,250 kwa mwaka, yaani 687.50 kwa mwezi. Pango la 900 linaifunika. Lakini benki haitaki lifunike tu, inataka libaki na mwili. Kwa mtu anayelipa kodi ya daraja la asilimia 40 kama wewe, wakopeshaji wengi wanataka pango liwe asilimia 145 ya riba hiyo ya kupimia. Zidisha 687.50 kwa 1.45, unapata karibu pauni 997. Mthamini ameandika 900. Mmekosa pauni 97. Ukiigeuza hesabu, uanze na 900 na kurudi nyuma, mkopo unaotoshea ni pauni 135,400 na ushee. Ndiyo namba waliyokupa, hawakuitoa hewani.

Sasa hii 145 imetoka wapi, na kwa nini mshahara wako mzuri unaonekana kama kosa? Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu ni jambo kubwa kuliko mkopo wenyewe.

Zamani mwenye nyumba alitoa riba yote ya mkopo kwenye pango, akalipa kodi kwa kilichobaki. Sheria ya fedha ya 2015 ilibadilisha hilo. Mabadiliko yakaanza kuingizwa kidogo kidogo Aprili 2017 na kukamilika Aprili 2020. Tangu hapo, anayemiliki kwa jina lake hatoi tena riba kwenye hesabu. Anatozwa kodi kwenye pango karibu lote, halafu anarudishiwa nafuu ya asilimia 20 ya ile riba. Kwa anayelipa kodi ya asilimia 20, mwisho wa siku ni yaleyale. Kwa anayelipa 40, nusu ya nafuu imeyeyuka.

Tuitazame kwa nyumba yenu. Pango la mwaka ni pauni 10,800. Ondoa dalali, bima, cheti cha gesi na marekebisho madogo, tuseme 2,200. Imebaki 8,600. Tuseme riba halisi ni asilimia 4.9 (nitakueleza punde kwa nini nimechagua hiyo), yaani pauni 7,350 kwa mwaka. Mkononi una 1,250. Kodi yako wewe, kama nyumba nzima ingekuwa yako, ni asilimia 40 ya 8,600, yaani 3,440, kasoro nafuu ya 1,470. Unadaiwa 1,970. Una 1,250 mkononi na unadaiwa 1,970. Nyumba imejaa, mpangaji analipa kila mwezi bila kukosa, na wewe unatoa pauni 720 kwa mwaka kwenye mshahara wa zamu za usiku ili kuifuga.

Mume wako, kwa nyumba ileile, analipa 1,720 kasoro 1,470, yaani pauni 250. Anabaki na 1,000. Na mshahara wake wa 38,000 ukiongeza 8,600 haugusi bado mstari wa 50,270 ambapo daraja la asilimia 40 linaanza. Ndiyo maana kwake wakopeshaji wengi wanataka asilimia 125 tu. Kwa kipimo hicho, ile 687.50 inahitaji pango la pauni 859, na nyumba yenu ina 900.

Kwa hiyo yule rafiki hakukutukana. Alisema jambo la kweli kwa mdomo mbaya. Nitalirudia, maana najua ndipo penye donda.

Kwanza ile riba ya 3.5. Ada ya asilimia 3 kwa deni la 150,000 ni pauni 4,500. Umeilipa kwa miaka miwili tu, halafu unatafuta mkopo mwingine na pengine ada nyingine. Igawe: asilimia 1.5 kila mwaka, juu ya 3.5. Riba yenu kweli ilikuwa ya asilimia 5, imevaa kanzu ya 3.5. Na 440 uliyoihesabu iliiacha ada nje kabisa.

Kisha kuna ajabu ambayo watu wengi hawaamini mpaka waione kwenye karatasi. Yale masharti ya 2017 yanawaachia nafasi wanaofunga riba isibadilike kwa miaka mitano au zaidi. Kwao mkopeshaji halazimiki kuipandisha wakati wa kupima, na wapo wanaopima kwa riba ileile utakayolipa. Tuseme mshauri wa mikopo akupatie ya miaka mitano kwa asilimia 4.9 yenye ada ndogo. Riba ya mwezi ni 612.50. Mara 1.45, ni pauni 888. Mna 900. Riba kubwa imepita mlango ambao riba ndogo imekwama! Ila uliza kila mkopeshaji anapima kwa ngapi, kwa sababu wengine wana sakafu yao. Akiwa na sakafu ya asilimia 5, mtahitaji 906, na mtakosa kwa pauni sita. Hapo unapunguza mkopo kwa pauni 1,100 hivi, jambo linakwisha. Kumbuka tu kwamba kufunga miaka mitano ni kufunga kweli. Ukitaka kuuza mwaka wa pili kuna faini ya kutoka mapema, na si ya kubabaisha.

Shemeji yako. Mwanangu, huyu msikilize kwenye mambo ya mpira. Kwanza mkataba wake haufai hata kwa udanganyifu, kwa sababu benki huchukua pango dogo kati ya lililo kwenye mkataba na lililoandikwa na mthamini. Mngepeleka karatasi ya 1,050, wangesoma 900 ya mthamini, na ninyi mmeshasaini uongo bila kupata kitu. Pili, kuandika 1,050 huku mkijua ni 700 ni kosa chini ya sheria ya udanganyifu ya 2006, ambayo kifungo chake kinaweza kufika miaka kumi. Mara nyingi haifiki mahakamani. Jina huingizwa kwenye hifadhidata ya Cifas, ile ya kuzuia udanganyifu, likakaa miaka sita, na kila mkopeshaji utakayemwendea analiona. Mume wako angepoteza mikopo. Wewe ungeweza kupoteza na leseni, maana baraza la wauguzi na wakunga halichukulii kwa wepesi muuguzi aliyedanganya kwenye karatasi za fedha, hata kama wodini ni malaika.

Binamu mwenyewe hana kosa. Kama kweli anahitaji pa kuishi, mwambieni mkopeshaji wazi. Sheria inaubadilisha mkopo kuwa wa aina nyingine pale ambapo mwenye nyumba au ndugu zake wa karibu wanakaa kwenye asilimia 40 au zaidi ya nyumba, na ndugu wa karibu hapo ni mume, mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi na wajukuu. Binamu hamo. Lakini wakopeshaji wengine wana masharti makali kuliko sheria, na hawataki ukoo wowote ndani. Na kuna hili la pembeni: nyumba inayobebwa na pango la 900 kwa shida, mkiiweka kwa 700 mmeshaiua wenyewe. Riba peke yake ni 612. Huruma kwa binamu ni njema, ila ipangiwe bajeti yake.

Tuje kwenye jina.

Njia ya mkopo kwa jina la mume wako peke yake ni halali, watu wanaitumia kila siku, na kwa kodi ndiyo yenye akili. Mkiomba pamoja, wakopeshaji wengi wanampima aliye juu, kwa hiyo 145 inawaandama hata kama wewe ni mmiliki wa kipande kidogo. Lakini hofu yako si ya kijinga. Nyumba ikiandikwa kwa jina lake peke yake kwenye daftari la ardhi, anayetambulika mbele ya mnunuzi au benki ni yeye. Dawa yake ipo: tamko la umiliki linaloandikwa na wakili, likisema nani ametoa kiasi gani na nani ana fungu gani. Wakili lazima amjulishe mkopeshaji, na wapo wanaokataa tamko la aina hiyo, basi hilo liulizwe kabla ya kulipia chochote. Tena fungu lako likiwa kubwa kwenye tamko, na pango lake ni lako mbele ya watoza kodi. Huwezi kula ugali ukasema ni wa mwenzio.

Na usidhani kuondoa jina lako kutawapunguzia ushuru wa ununuzi. Mke na mume wanaoishi pamoja wanahesabiwa kitu kimoja. Mna nyumba tayari, hivyo mtalipa nyongeza ya asilimia 5 iliyowekwa tangu Oktoba 31, 2024.

Kama baada ya kusikia haya bado moyo unakataa jina moja, kataa. Usiingie kwenye deni la miaka ishirini na tano kwa kumezea. Andikeni wawili, fungeni miaka mitano, mlipe kodi mnayostahili. Kwa kawaida watoza kodi wanagawa pango la mke na mume nusu kwa nusu. Mkitaka mgawanyo mwingine, tuseme yeye 90 na wewe 10, lazima umiliki wenyewe uwe hivyo kweli, kuwe na tamko la wakili, na mpeleke kwa watoza kodi fomu yao namba 17. Lakini mwambie mume wako kilichokunyamazisha. Amekielewa nusu, na nusu aliyoijaza mwenyewe huenda ni mbaya kuliko ukweli.

Upatu nitaupitia haraka. Zile 9,000 si haramu, ila wakili atauliza kila pauni ilikotoka; ndivyo sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinavyomtaka. Tayarisha taarifa za benki zinazoonyesha ulivyochangia kila mwezi na siku uliyopokea, na barua ya kijumbe wenu yenye majina na zamu. Wakili ambaye hajui upatu atahitaji kuelezwa kama mtoto, usikasirike. Ule mkopo wa 15,000 wa mwenzako uache. Kianzio cha kukopa wakopeshaji wengi hawakikubali, ukiuficha tumerudi kwa shemeji, na ukiusema mtihani unaharibika upya.

Njia mbili nyingine zipo. Wapo wakopeshaji wanaoruhusu ziada ya mshahara ijazie upungufu wa pango. Ninyi mnaweza kustahili, lakini haigusi ule ukweli wa kodi niliokuonyesha, inausukuma mbele tu. Na wapo wanaofungua kampuni, ambako riba yote bado ni gharama na kipimo kwa kawaida ni 125. Kwa nyumba moja siipendi. Riba za kampuni huwa juu kidogo, mhasibu anataka chake kila mwaka, dhamana binafsi mtasaini vilevile, na hela ikishaingia kwenye kampuni kuitoa nako kuna kodi.

Haya. Sasa nikuambie kinachonisumbua mimi, ambacho hukuniuliza.

Umesema mna 65,000. Kianzio 50,000. Ushuru wa ununuzi wa nyumba ya pili ya pauni 200,000 ni asilimia 5 ya 125,000 za kwanza na asilimia 7 ya 75,000 zilizobaki: jumla pauni 11,500. Kwenye barua yako sikuuona, na naogopa haukuwa kwenye hesabu. Ongeza wakili, ukaguzi na vidogo vidogo, tuseme 2,000. Mmebaki na 1,500. Boila ikifa Januari mmekwisha. Mpangaji akihama na nyumba ikikaa miezi miwili, riba peke yake ni 1,225, na ushuru wa manispaa unageukia kwenu. Msitegemee pia kwamba mtaipandisha haraka hadi ile 1,050 ya dalali. Kwa sheria ya haki za wapangaji iliyopitishwa 2025, England kuanzia Mei 1, 2026 pango linapandishwa mara moja tu kwa mwaka kwa utaratibu uliowekwa, na hamruhusiwi kupokea ofa iliyo juu ya bei mliyotangaza.

Kwa hiyo hata benki ingekubali 150,000 jana, mimi ningekuambia ngoja.

Tazama tena ile namba yao, 135,400. Mkopo huu ni asilimia 75 ya bei. Nyumba gani ambayo asilimia 75 yake ni 135,400? Ni nyumba ya pauni 180,500. Bila kukusudia, benki imekutajia bei. Kwa mlipakodi wa asilimia 40, kianzio cha robo na riba ya kupimia ya 5.5, pango la mwaka linatakiwa lifike karibu asilimia 6 ya bei. Kariri hiyo, itakuokolea ada za wathamini: nyumba ya 200,000 inataka pango la pauni 1,000 kwa mwezi, ya 160,000 inataka 800. Ya kwenu ina 900. Ni nyumba ya vyumba viwili inayouzwa kwa bei ya vyumba vitatu.

Mthamini amekuandikia hivyo kwa mkono wake. Ichukueni ripoti yake mumrudie muuzaji na pauni 180,000. Mkopo utakuwa 135,000, kianzio 45,000, ushuru 10,100. Mkitoa na zile 2,000 mnabaki na pauni 7,900 za akiba, na mtihani mnaufaulu kwa majina yote mawili. Kama dalali anashikilia ni vyumba vitatu na 1,050, mwambieni alete nyumba tatu za mtaa ule, zenye chumba cha kupita namna hiyo, zilizopangishwa kweli kwa bei hiyo miezi ya karibuni. Akizileta, mshauri wenu wa mikopo anaweza kumwomba mthamini aangalie upya. Sidhani kama atazileta.

Muuzaji akikataa 180,000, tafuteni nyingine, na safari hii ulizeni pango kabla hamjauliza jiko. Simu ya kumpigia apige mume wako, wewe umetoka zamu, ukalale.

Shangazi